Kimo cha Kipaza Sauti

Kazi yangu ni moja: kushusha na kupandisha.
Nalegeza parafujo, nguzo inateremka
mpaka usawa wa mdomo wa anayekuja,
nakaza, naketi sakafuni, mgongo kwenye spika.
Miaka sita sasa. Kuna watoto ambao urefu wao
naujua kwa chuma hiki
kuliko mama zao kwa alama za mlangoni.

Nje ni nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri.
Malori yamejipanga ukutani, kila moja na waya puani
kama madume ya mnadani, injini zisigande.
Saskachewani, Februari. Nyeupe tupu,
hujui shamba limeishia wapi na mbingu imeanzia wapi.
Ndani ya karakana ya zimamoto
gari jekundu tumelisukuma kando,
supu ya bitiruti inatokota, soksi zinakauka juu ya hita,
na harufu zake zimeshazoeana.

Oksana, dereva wa basi la shule, ndiye mshereheshaji.
Watoto wote anawajua kwa mapaji ya nyuso,
kama wanavyoonekana kwenye kioo chake.
"Sheria ni mbili," anasema.
"Usimcheke mtu ila akitaka kuchekwa.
Na sufuria ya mama yangu irudi."

Nashusha hadi mwisho: Jomar Villaluz, miaka mitano,
ana kichekesho cha kuku aliyeingia benki.
Kuku hajafika dirishani, Jomar keshacheka,
kacheka mpaka kakaa chini, nasi tumecheka naye,
na mwisho wa kuku hakuna aliyeusikia.

Napandisha: Delphine Okemow na fidla ya shangazi yake.
Uzi unakatika. Tak!
Anautazama kama mtu anayetazama nzi,
anamaliza na nyuzi tatu.

Kisha Teodor Wasyliw.

Nakaza parafujo. Naketi.
Tangu mavuno hajasema neno darasani,
tangu babu yake Dmytro azikwe na vitu vyake vipigwe mnada,
majembe, mapipa, hata kiti cha barazani.
Kasimama. Mikono ndani ya mikono ya sweta.
Wasemao kimya kingi kina mshindo
hawakukisikia hiki. Hiki kilikuwa kimya tu.
Friji ikanguruma, ikanyamaza, ikaona haya.
Nikanyanyuka nusu, labda nguzo iko juu.
Haikuwa juu. Oksana akanitazama: kaa.

Ndipo akakohoa.
*Kho.*
*Kho-kho-kho.* Kimya.
*Kho-kho…* Kimya tena.
Akajipiga paja, pa!
*Kho, tu, tu… tutu, tutututututu*

na karakana nzima ikageuka kitu kimoja chenye masikio,
kwa maana miaka arobaini trekta lile
limetuamsha sote kabla ya jogoo wa yeyote,
likigoma mara mbili, likipigwa, likikubali.
Bibi Halyna akashika mkono wa jirani asiyesemezana naye.
Mvulana akalipeleka hadi mwisho wa shamba,
akakata kona, tukasikia kona,
akalizima.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulisahau.

Karibu na mlango Lorne Haugen akasimama,
aliyelinunua Oktoba, kofia kaibana kwapani.
"Kwangu haliwaki," akasema. "Nimebadilisha betri.
Nimebadilisha kila kitu. Unalipiga wapi?"

Teodor akasogea kwenye kipaza sauti,
akasogea mno, sauti ikatoka kubwa kuliko yeye:
"Kushoto. Chini ya taa.
Kwa kiganja. Siyo ngumi."

Lorne akakifungua kiganja chake, akakitazama,
kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo.
"Jumamosi," akasema, "ukiwa na nafasi."

Makofi yakaja hapo, yamechelewa, yamechanganyika na kamasi.
Oksana akapekua karatasi yake kwa muda mrefu,
karatasi yenye majina manane tu.

Safu ya mbele mkono mdogo ukainuka,
ukapunga, ukakaribia kung'oka begani.
Jomar ameukumbuka mwisho wa kuku.

Nikashusha.